MIRAJI, TUNGUU NA MBINGU YA KWANZA

  

Katika mwezi wa Rajabu uliopita tulikaa na wanafunzi wa madrasa yetu hapa Singida baada ya sala ya isha, tukiwasomea kisa cha Miraji kama tulivyowakuta wazee wetu wakikisoma. Tulikuwa tumefika pale ambapo mlango wa mbingu ya kwanza unabishwa, Jibrili (A.S.) anaulizwa yuko na nani, mlango unafunguliwa na Mtume (S.A.W.) anamkuta Nabii Adam (A.S.). Mtoto mmoja wa miaka kama kumi na miwili akanyoosha mkono, akauliza: "Sheikh, wale waliokwenda mwezini walimpita Nabii Adam njiani?"

Wenzake walicheka. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimkemea asichanganye kisa cha Mtume na mambo ya roketi, tukaendelea kusoma. Lakini usiku ule usingizi ulitukataa. Mtoto hakufanya dhihaka. Aliuliza kitu ambacho mtu mzima anakiogopa, na mwalimu anayekemea swali la namna ile mara nyingi hukemea kwa sababu hana jibu.

Ndugu msomaji, swali lile lilitufikia wakati mbaya. Katika mtaa wetu ilikuwapo khitilafu juu ya daftari moja la zamani, lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lenye kisa cha Miraji kwa mashairi. Familia moja imelitunza tangu enzi za babu yao. Kijana mmoja msomi, ambaye elimu yake tunaiheshimu, alisema daftari lile limejaa riwaya za uongo, kwa hiyo lizikwe. Mhubiri mwingine akaja na picha za nyota zilizopigwa na darubini za angani, akazionyesha ukutani kwa mashine, akasema hakuna haja ya mashairi tena, kwa kuwa sayansi imekwisha kuthibitisha Miraji na Buraki alikwenda kwa kasi ya mwanga. Wazee walinyamaza. Bibi mmoja tu ndiye aliyesema: "Mkilizika hilo, mtatusomea nini sisi tusiojua kusoma?" Ndipo tukaona vyema kurudi kwenye tarehe, tujue mashairi haya yametoka wapi, yalisema nini juu ya mbingu, na watu wa pwani yetu walikuwa wakifanya nini siku zile binadamu alipoanza kupanda angani.

Tuanze na njia. Kisa cha Miraji hakikuzaliwa Singida. Kilikuja na watu, na watu walikuja kwa miguu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, kisha ikakata pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa iko katika wilaya ya Manyoni ya leo. Ni pori lililoogopwa kwa ukosefu wa maji. Wapagazi walikuwa na neno lao, kutirikeza, yaani kuondoka mchana jua likiwa kali, kulala njiani pasipo maji na kufika kisimani kesho yake. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, nao walikuta njia ambayo watu wa pwani walikuwa wakiitumia zamani. Wadachi baadaye waliweka boma Kilimatinde, na reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912. Pamoja na chumvi, nguo na shanga zilikuja juzuu, maulidi ya Barzanji na madaftari ya aina hii tunayoizungumza.

Barzanji ndiyo iliyotangulia katika nyoyo za watu wetu. Aliyeitunga, Sayyid Jaafar al-Barzanji, alikuwa mufti wa Kishafii mjini Madina katika karne ya 18, na ndani yake mna mlango wa Israi na Miraji. Kwa wenye kusoma zaidi, kulikuwa na kisa cha Miraji cha Najmuddin al-Ghayti wa Misri, mwanachuoni wa karne ya 16, pamoja na hashia ya Sheikh ad-Dardir, aliyefariki mwaka 1786. Na kwa Waswahili wasiojua Kiarabu, masheha na masharifu wa Lamu, Pate na kwingineko walizitia habari hizi katika tenzi. Hamziya ya Imamu al-Busiri, ambayo nayo inaitaja Israi, ilitiwa Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarus bin Athman. Haya hayakuwa mashairi ya kuburudisha tu. Utenzi ulikuwa ndio darsa la mama, la mzee asiyeona na la mtumishi.

Je, washairi hao walikuwa wakisema nini juu ya mbingu? Tulilifungua daftari lile na kulisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda wa siku nne. Mpango wake ni ule ule uliomo katika Bukhari na Muslim: Adam katika mbingu ya kwanza, Yahya na Isa katika ya pili, Yusuf katika ya tatu, Idris katika ya nne, Harun katika ya tano, Musa katika ya sita, na Ibrahim katika ya saba akiwa ameegemea Baitul Maamur. Kisha Sidratul Muntaha na mito minne, miwili ya ndani na miwili ya nje. Kisha sala hamsini, na Musa (A.S.) akimrudisha Mtume (S.A.W.) kwa Mola wake hadi zikawa tano.

Utaona kuwa hakuna mahali mshairi anapopima umbali kwa ajili ya umbali. Kila mbingu ina mlango, kila mlango una mlinzi, na kila mlinzi anauliza maswali yale yale: ni nani, uko na nani, je ametumiwa ujumbe. Mbingu hizi zinapandwa kwa idhini. Huo ndio moyo wa sanaa hii. Msikilizaji wa Singida, ambaye ziwa la jirani yake ni Singidani lenye maji ya chumvi na mito yake hukauka kiangazi, anaposikia habari ya mito ya Sidra hulia. Tumewaona wakilia. Hulia kwa kutamani kuruhusiwa kuingia, na urefu wa safari haumo katika hesabu yake.

Hata hivyo yule kijana msomi hakukosea katika yote. Daftari lile lina mambo ambayo hayana asili. Kuna kijitabu mashuhuri cha Miraji kinachonasibishwa kwa Ibn Abbas (R.A.), ambacho wanachuoni wa hadithi wamekikataa kuwa si chake, nacho kimejaa majogoo ya ajabu, malaika wenye vichwa visivyohesabika na hesabu za mbawa. Watunzi wengi wa tenzi walichota humo. Ndivyo ilivyo pia kwa picha za Buraki mwenye uso wa mwanamke na mkia wa tausi, ambazo zilichapishwa na kuuzwa katika nchi nyingi za Kiislamu, na tulipokuwa wadogo tuliziona zimetundikwa sebuleni. Hadithi sahihi inasema ni mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu, huweka kwato yake pale upeo wa macho yake unapofika. Basi. Uso wa mwanamke ni kazi ya wachoraji. Na tarehe yenyewe ya 27 Rajabu haikuthibiti: Ibn Hajar katika Fat-hul Bari amezitaja kauli zaidi ya kumi juu ya wakati wa Miraji. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (Mwenyezi Mungu amrehemu) aliwafundisha watu wa Afrika Mashariki kupekua mambo ya namna hii bila ya kuona haya.

Na kwa kuwa tumemtaja Sheikh Farsy, twende Unguja, kwani alikuwa kadhi huko tangu mwaka 1960 hadi 1967, na mambo tunayoyaeleza sasa yalitokea mbele ya macho ya watu wake.

Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza, iliyokuwa ikiilinda Zanzibar, kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani. Kilijengwa Tunguu, mwendo mfupi kutoka mjini, katika mashamba ya minazi. Kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia, na upande wa magharibi mwenzake wa karibu alikuwa Kano, katika Nigeria ya Kaskazini. Angalia ajabu ya jambo hili: katika vituo vichache vya kumsikiliza mtu wa kwanza wa Marekani kuizunguka dunia, viwili viliwekwa katika miji ya Waislamu wa Afrika, miji ya wanachuoni na vyuo. Wapo watu wa Unguja waliokipinga kituo, wakihofu kwamba nyuma ya mitambo kuna makombora na kwamba kisiwa kitaingizwa katika ugomvi wa mataifa makubwa. Hofu yao haikuwa ya kijinga kwa siku zile.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa kutoka Florida. Saa za huko zilikuwa asubuhi, tatu na dakika 47. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na moja na dakika 47 jioni. Ukihesabu kwa mwandamo, siku ile ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381. Chombo kilivuka Atlantiki, kikaipita Kano, na baada ya takriban nusu saa kikawa katika masikio ya Tunguu. Maana yake ni kwamba mtu yule alipita juu ya upande wetu wa dunia wakati watu wa Unguja wamekaa na tende na uji mbele yao wakingoja adhana ya magharibi. Alipozunguka na kurudi mara ya pili, takriban saa moja na nusu baadaye, ni wakati wa isha na tarawehe. Alizunguka mara tatu, akarudi baharini salama baada ya muda usiofika saa tano.

Tumelifikiria sana tukio hili. Juu, mtu ndani ya chombo kidogo anayaona magharibi na mapambazuko kadhaa ndani ya saa chache. Chini, watu wanaingoja magharibi moja kwa subira, kwa kuwa wameamrishwa. Hatusemi mmoja alikuwa mjinga na mwingine mwerevu. Tunasema tu kwamba hakuna aliyekuwa akifanya kazi ya mwenzake, na hakuna msikiti uliofungwa kwa sababu ya Tunguu.

Kituo hakikudumu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, na mwaka ule ule kikafungwa, kazi yake ikahamia Madagaska. Lakini pwani yetu haikuachana na anga. Wataliani waliweka jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi na Mambrui, na kutoka hapo walirusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo katika nyota, mwanga ambao jicho haliuoni na ambao hewa ya dunia huuzuia usitufikie. Katika mawimbi ambayo wavuvi wetu huyajua kwa majina, kikaondoka chombo chenye jina la lugha yetu kwenda kutazama visivyoonekana. Tunashangaa kwamba jambo hili halikuingia katika tenzi zetu. Mtunzi wa karne ya 18 asingeliacha.

Katika Waislamu wengine aliyelikabili jambo hili kwa sanaa kabla hata roketi hazijapanda ni Muhammad Iqbal wa Lahore. Mwaka 1932 alitoa utenzi wake mrefu wa Kiajemi, Javid Nama, ambamo mshairi anaongozwa na Maulana Rumi kupitia mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali, kisha nje ya falaki zote hadi peponi. Wala hasimami peponi, kwani anachokitaka ni mwenye pepo. Iqbal huyo huyo, katika mihadhara yake maarufu ya Kiingereza, alikumbusha maneno ya walii mmoja wa India, Abdul Quddus wa Gangoh, ambaye maana ya kauli yake ni kwamba lau yeye angefika alipofika Mtume (S.A.W.), asingerudi. Iqbal akaona hapo ndipo ilipo tofauti ya walii na nabii: nabii anarudi, na anarudi na kitu mkononi kwa ajili ya watu.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Je, waliokwenda mwezini walimpita Nabii Adam?

Jibu la wafasiri ni jepesi, na lingetutosha usiku ule lau tungetulia. Katika Suratus Saffat aya ya 6, Fussilat aya ya 12 na Mulk aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba ameipamba kwa nyota mbingu iliyo karibu na dunia. Basi nyota ni pambo la hii mbingu ya chini, na kila kinachoonekana kwa jicho au darubini kiko upande wetu wa mlango wa kwanza. Mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, na mwanga wake hutufikia kwa zaidi kidogo ya sekunde moja. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kimekwenda zaidi ya kilomita bilioni 24, nacho bado kimo katikati ya nyota zile zile ambazo mkulima wa Iramba huzitazama akingoja kilimia kimwambie wakati wa kupanda. Hakuna aliyebisha hodi. Na aya ya 33 ya Suratur Rahman, inayowaambia majini na watu wapenye pande za mbingu na ardhi wakiweza, imefungamanishwa na mamlaka; wafasiri wengi wameichukulia kuwa ni ya kuonyesha kushindwa kwao na hukumu ya Mola, na wengine wameisoma kwa namna nyingine. Sheikh Ibn Baz aliandika kitabu kueleza kwamba kupanda kwenye sayari ni jambo linalowezekana na halipingani na dalili. Waliokanusha kwa jina la dini kwamba mtu alifika mwezini mwaka 1969 walijitwisha mzigo ambao dini haikuwatwisha.

Kwa hapo pia tunamjibu mhubiri wa picha za ukutani. Miraji ni muujiza, na jamhuri ya wanachuoni wamesema ulikuwa kwa mwili na roho, macho yakiwa wazi. Ukiupima kwa kasi ya mwanga umeufanya kuwa safari ya kawaida iliyoharakishwa, na kesho vipimo vikibadilika utakuwa umemwachia kijana shaka. Picha za darubini ni nzuri, nasi tunazipenda. Zinamtukuza aliyeumba. Lakini anayetafuta pepo ndani ya picha hizo ni kama mtu anayetafuta nyumba ya jirani ndani ya ua wake mwenyewe.

Jambo lililotutia faraja kuliko yote tulilikuta katika fiqhi. Safari sita za Marekani zilizotua mwezini kati ya 1969 na 1972 zilirudi na mawe na udongo wa kilo 382. Mtume (S.A.W.) alirudi na sala tano. Na Waislamu walipoanza kupanda angani wenyewe, swali la kwanza waliloulizia lilikuwa juu ya sala hizo hizo. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia aliruka tarehe 17 Juni 1985, mwisho wa Ramadhani ya 1405, akaulizia kwa wanachuoni habari za kufunga na kusali. Mwaka 2007, Oktoba, pia Ramadhani, daktari wa Malaysia Sheikh Muszaphar Shukor alikwenda katika kituo cha kimataifa cha angani, kinachoizunguka dunia kiasi cha mara kumi na sita kwa siku. Je, asali sala themanini? Wanachuoni wa nchi yake wakamwandikia mwongozo: asali tano kwa kila saa 24, kwa kufuata nyakati za mahali alipoondokea, yaani Baikonur. Asili ya hukumu hiyo inajulikana na kila mwanafunzi, nayo ni hadithi ya Nawwas bin Samaan katika Muslim juu ya siku ya Dajali iliyo kama mwaka, pale masahaba walipouliza habari ya sala wakaamrishwa wakadirie.

Tulipoyaeleza haya msikitini, yule kijana msomi alisikiliza hadi mwisho. Kisha tukakaa naye, yeye na sisi na mwenye daftari, meza moja. Halikuzikwa. Tumekubaliana kwamba litabaki kwa familia yake, na nakala yake itanakiliwa kwa herufi za Kilatini. Kila penye riwaya isiyo na asili patawekwa alama pembeni, na msomaji ataruka hapo, asome yaliyothibiti. Wala usomaji hautafungwa na usiku wa 27 pekee, ili mtu asidhani ni ibada maalumu ya usiku huo. Kazi ya alama anaifanya yeye mwenyewe, na amekwisha kufika mbingu ya nne. Bibi yule anataka kujua tu kama mito imebaki. Imebaki, imo katika Sahihi.

Mtoto naye tulimwita mbele ya wenzake, tukamtaka radhi kwa kumkemea, tukampa jibu. Akafikiri kidogo, akauliza tena: "Na yule daktari, akiwa huko juu, kibla alikielekea wapi?" Tukamweleza kwamba mwongozo ulimpangia daraja: aielekee Kaaba akiweza, asipoweza aelekee usawa wa Kaaba angani, asipoweza aielekee dunia yenyewe, na akishindwa yote popote atakapoelekea. Akarudia polepole, "Aielekee dunia," akaenda kukaa. Wallahu aalam.